Ukungu wa Lushoto: panda, shuka au subiri

Mgeni akiniuliza kama usiku tutaona nyota, kabla ya kumjibu natazama kwanza ukungu umetoka wapi. Huku Usambara upo wa namna mbili, na kila mmoja una dawa yake.

Kuna wa bondeni. Huu huzaliwa usiku mtulivu usio na wingu: ardhi inapoa, hewa baridi inateremka na kulala mabondeni, unyevu unageuka matone. Alfajiri mashamba ya kabichi hayaonekani kabisa, lakini vilele viko wazi. Ukiukuta huo, furahi, kwa sababu juu yake anga ni safi. Panda tu; mara nyingi mwinuko wa mita 100 au 200 unatosha kukutoa. Asubuhi jua likishika, wenyewe unayeyuka.

Wa pili ni wingu lenyewe lililogusa mlima. Upepo unaleta unyevu wa Bahari ya Hindi, unapandishwa na milima, unapoa. Unaujua kwa kuwa unatembea: unaingia msituni mbele ya macho yako, miti inadondosha maji na mvua hakuna. Ukipanda Magamba ndiyo unazidi kuzama ndani yake. Usiku wa vimondo vya Geminidi, tarehe 13 kuamkia 14 Desemba, wingu likiwa limekaa huko tangu alasiri, nawashauri wenye gari washuke Mombo mapema, karibu mita 1,000 chini, kabla giza halijaingia.

Ukiwa na shaka, washa tochi uielekeze juu. Mwale ukionekana kama fimbo nyeupe, hewa imejaa matone. Hapo Njia ya Maziwa, ule ukanda hafifu wa nyota unaokatiza anga, isahau, na usihangaike na nyota za pembeni karibu na upeo wa macho. Tazama utosini, ambako unapenya ukungu mdogo zaidi. Mwezi na sayari ya Mshtarii (Jupita), vikiwa angani usiku huo, bado utavipata, tena vizuri: ukungu mwembamba mara nyingi huja na hewa iliyotulia, na Mshtarii kwenye darubini haitetemeki.

Darubini nayo ina adui yake, umande. Itoe nje nusu saa kabla ya kuitumia, ipoe, na mbele ya kioo uzungushie karatasi ngumu ya boksi itokeze kama kiganja kimoja. Ikishalowa usiifute kwa shati, utaikwaruza. Kabla ya kuingia nayo ndani ifunge kwenye mfuko wa plastiki, umande utue kwenye mfuko badala ya kioo, na usiufungue hadi darubini ipate joto la chumba.

Kwa matembezi ya mchana, watu wa hali ya hewa huuita ukungu pale usipoona kufika kilomita 1. Njiani mimi natumia kipimo kikali zaidi: wa mbele asipomwona wa mwisho, msafara unasimama na kukaribiana. Irente siendi na mtu ukingoni kukiwa na wingu, hata akinibembeleza vipi. Jabali lile limekatika wima, jiwe lina utelezi, na picha yenyewe itakuwa nyeupe tupu.

Na ukirudi kwa gari kupitia kona za Soni, tumia taa za chini. Taa kamili hugonga matone na kukurudishia mwanga machoni.