Sindano ya testosteroni: vipimo, dozi na namna ya kuchoma

Kabla ya sindano, damu. Testosteroni, homoni ya kiume, huwa juu asubuhi na hushuka kadiri siku inavyosonga, kwa hiyo damu itolewe kabla ya saa 4 asubuhi, tumbo likiwa tupu, na kipimo kirudiwe siku nyingine. Majibu mawili yaliyo chini ya 300 ng/dL (kama 10.4 nmol/L), yakiambatana na dalili kama kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa, ndiyo msingi wa kuanza tiba. Uchovu peke yake hautoshi. LH na FSH, homoni za tezi ya pituitari zinazoamrisha korodani, zipimwe pia: zikiwa juu, kasoro iko kwenye korodani, zikiwa chini au za kawaida, chanzo kiko kwenye ubongo au tezi ya pituitari, na hapo prolaktini, homoni nyingine ya tezi hiyo, nayo ipimwe.

Anayetarajia kupata mtoto karibuni asichome. Ubongo ukiona homoni imejaa hupunguza LH na FSH, korodani husinyaa, na mbegu zinaweza kwisha kabisa kwenye manii. Wengi huligundua hili wakiwa wamechelewa. Tiba hii pia haimfai mwenye saratani ya tezi dume au ya titi, wala aliyepata kiharusi au shambulio la moyo ndani ya miezi 6 iliyopita.

Daktari ndiye hupanga dozi. Kwa enanthati au sipionati, aina za testosteroni ya mafuta, kawaida ni 75–100 mg kila wiki, au 150–200 mg kila baada ya wiki 2. Ya kila wiki ni bora: ile nyingine hupandisha homoni kupita kiasi siku za mwanzo kisha inaporomoka, na siku za mwisho mtu anakuwa mchovu na mwenye hasira za karibu. Andekanoati, aina inayodumu zaidi, ya 1,000 mg hukaa wiki 10–14, ila dozi ya pili huja wiki ya 6. Hiyo ichomwe hospitali tu, na ukae hapo dakika 30, kwani mafuta yake yakiingia kwenye mshipa huweza kufika mapafuni na kuleta kikohozi cha ghafla na kubanwa pumzi.

Soma kibandiko kila unapofungua kichupa kipya. Hapa ndipo hesabu huharibika. Dozi ya 80 mg ni 0.4 ml kwenye dawa ya 200 mg/ml, lakini ni 0.32 ml kwenye ya 250 mg/ml. Baridi ikifanya chembe nyeupe zijitokeze, pasha kichupa kwa viganja na ukitikise, zisipoyeyuka, usiitumie.

Nawa mikono. Futa mpira wa kichupa kwa spiriti, uache ukauke. Vuta hewa sawa na dozi, isukume ndani, pindua kichupa, uvute dawa kwa sindano nene ya geji 18 au 20. Mafuta huja polepole, usiwe na haraka. Badilisha sindano, weka nyembamba ya geji 23 au 25 yenye urefu wa 25 mm (mnene huhitaji 38 mm, fupi huishia kwenye mafuta ya mwili na kuacha uvimbe). Toa hewa. Mahali rahisi kwa anayejichoma mwenyewe ni upande wa nje wa paja, katikati ya goti na nyonga. Safisha ngozi, subiri ikauke, choma wima kwa mkupuo mmoja. Vuta kisukumio kidogo: damu ikionekana, chomoa uanze upya na vifaa vipya. Sukuma taratibu, hesabu hadi 10, chomoa, kandamiza kwa pamba. Wiki ijayo hamia paja la pili. Usirudishie kifuniko, sindano iende kwenye chombo kigumu cha vitu vyenye ncha kali.

Maumivu ya siku moja au mbili ni ya kawaida. Uvimbe unaokua, wenye joto na wekundu, tena na homa, ni dalili ya jipu: nenda hospitali.

Baada ya miezi 3 hadi 6, pima testosteroni katikati ya sindano mbili. Lengo ni takriban 350–600 ng/dL. Pima pia PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) na hematokriti (asilimia ya damu iliyo chembe nyekundu), kisha kila mwaka. Hematokriti ikipita 54% damu imekuwa nzito mno: tiba isimame hadi ishuke, kisha ianze kwa dozi ndogo. Ukisahau sindano, usichome mbili kwa mpigo.