Kufua na kuhifadhi sweta ya sufu ya merino hapa Lamu

Sweta ya merino, yaani ya sufu laini ya kondoo wa aina hiyo, humfikia mtu wa Lamu ama kutoka katika marobota ya mitumba, ama mgongoni mwa kijana aliyerudi kutoka masomoni Limuru, huko bara kwenye baridi. Yangu ya kwanza niliitia katika maji moto na kuifikicha kwa sabuni ya mche kama nifuavyo kanzu, ikatoka imenywea na kukakamaa, ikimtosha mtoto mdogo wa chuo cha Kurani.

Unyoya wa kondoo umefunikwa na magamba madogo mno, ambayo yakikutana na joto, sabuni kali na msuguano hunasana yasiachane tena. Kwa hiyo tumia maji yasiyozidi nyuzi 30 za Selsiasi, ikiwezekana ya mvua, kwani katika maji ya kisima chenye chumvi sabuni haitoi povu vizuri na masalio yake hubaki nguoni. Sabuni iwe ya maji, isiyo kali. Shampuu kidogo yafaa. Epuka sabuni za unga zenye vimeng'enya vya kuondoa madoa, kwa kuwa sufu ni protini kama nywele na vimeng'enya vingine huila protini, na dawa ya klorini usiisogeze kabisa. Igeuze nguo ndani nje, iloweke dakika chache, uibonyeze polepole bila kuifikicha, kisha uisuuze kwa maji ya joto lile lile. Unapoitoa, iinue kwa mikono miwili kutoka chini, maana ukiishika mabegani uzito wa maji utairefusha.

Usiisonge kuikamua. Itandaze juu ya taulo kavu, uviringishe vyote pamoja kama mkeka, ukandamize mpaka taulo lilowe.

Kuianika, sioni kifaa kinachoshinda kitanda cha kamba: kiweke kivulini penye upepo, tandika leso nyepesi, laza sweta juu yake na kuinyoosha mikono na pindo ingali mbichi. Hewa hupita juu na chini. Jua kali hufifisha rangi na kuigeuza sufu nyeupe kuwa ya manjano. Wakati wa masika huenda ikachukua siku mbili, lakini usiisogeze jikoni.

Usiiweke ndani kabla haijakauka hata kwenye mishono, wala ikiwa na jasho, kwa kuwa viwavi vya nondo, ambavyo ndivyo vitoboavyo sufu, hupenda zaidi mahali penye jasho na madoa ya chakula. Ikunje, usiitundike, uitie katika foronya safi ya pamba ndani ya sanduku. Karafuu na moshi wa udi huipa harufu njema (mimi siachi kuifukiza), ila haviui mayai ya nondo. Ukishuku yamo, ifunge katika mfuko usiopitisha hewa, uiweke kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, na ukiitoa usiufungue mfuko mpaka upoteze ubaridi, la sivyo umande utailowesha upya.