Kabla Kijana wa Lamu Hujaenda Kusomea Ubaharia

Kukulia Shela au Matondoni, ukajua kutweka tanga na kupita mlango wa bahari wa Mkanda maji yakiwa yametoka, ni mtaji mzuri, lakini kwenye meli ya makontena mtaji huo peke yake haukupi kazi. Huko wanataka vyeti vya STCW, mkataba wa kimataifa wa mwaka 1978 wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, na kwa huku pwani chuo kinachotajwa kwanza ni Bandari Maritime Academy, Mombasa. Wala usichanganye ubaharia na kazi za bandari ya Kililana, hapo Lamu, iliyoanza kupokea meli mwaka 2021: kazi za gatini ni fani nyingine.

Anza kwa daktari, si kwa karo. Pima macho, na hasa rangi. Usiku, afisa wa zamu huijua meli nyingine inaelekea wapi kwa taa yake nyekundu ya kushoto na ya kijani ya kulia. Asiyezitenganisha rangi hizo hapewi zamu ya uongozaji. Kulijua hilo baada ya baba kuuza ng'ombe ni hasara.

La pili ndilo zito. Darasa halikufanyi afisa; siku za baharini ndizo zinazokufanya. Kadeti, yaani mwanafunzi wa uafisa, wa upande wa uongozaji anahitaji miezi 12 melini akijaza kitabu chake cha mafunzo, na anayepitia njia isiyo na mpango huo wa mafunzo huhitaji 36. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, kiulize chuo: mna makubaliano na kampuni gani za meli? Wa mwaka jana wangapi wamepanda? Jibu likiwa la kuzungukazunguka, shika mfuko wako. Vijana wenye vyeti vya darasani wanaosubiri meli vibarazani wapo, na subira yao ni ndefu.

Hapo ndipo madalali huingia. Mkataba wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia 2014, unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Anavyolipia mwenyewe ni pasipoti, kitabu cha baharia na cheti cha afya. Anayekudai "ya chai" ili akupandishe meli ya Ulaya, mpite. Wakala halali ana leseni, na KMA, mamlaka ya Kenya ya masuala ya bahari, ndiko kwa kuuliza.

Kuogelea? Mtoto wa Lamu atasema hilo analo. Lakini kwenye kozi ya usalama utaruka kutoka juu umevaa jaketi la kuokolea, kisha upindue boti ya mpira iliyogeuka chini juu. Hata mpiga mbizi hutapatapa mara ya kwanza.

Maisha ya melini ni zamu: labda saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri, kila siku, na sheria inakupa angalau saa 10 za kupumzika katika kila 24. Amri ya usukani hutolewa kwa Kiingereza, nawe huirudia neno kwa neno ukiitekeleza, basi kizoeze kinywa mapema. Mpishi huenda akapika nguruwe. Mweleze siku ya kwanza, kwa adabu, usingoje chakula kiwe mezani.

Mwisho, pesa. Mkataba huo wa 2006 unakuruhusu sehemu ya mshahara itumwe nyumbani moja kwa moja. Amueni kabla hujaondoka itapokewa na nani, mama au mke, na wote wawili wawepo mnapolizungumza.