Kutafuta kazi na mafunzo ya kilimo, uvuvi na misitu huku Mtwara na Lindi: fuata gunia kwanza

Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka swali ni lilelile, dogo kapata D zake tano au sita, kidato cha tano hajachaguliwa, mzazi anazunguka kuuliza mtoto asome nini. Ukimtajia kilimo anakunja uso, maana kwa wengi wetu kilimo ni jembe, na kama sio jembe basi ni bwana shamba na pikipiki yake. Na huku kusini ndo tunaishi kwa korosho, ufuta, mbaazi, mihogo na samaki! Kati ya mkorosho wa babu yako kule Tandahimba na meli inayopakia pale bandarini Mtwara kuna watu kibao wanalipwa na wengi wao sio wakulima wala sio mabwana shamba.

Kwaiyo ushauri wangu wadogo zangu, kabla hujachukua fomu ya chuo chochote chagua zao moja, lifuate kuanzia shambani mpaka linapoondoka mkoani, na kila kituo uulize nani analipwa hapa, anafanya nini na alijifunzia wapi. Ukishapata kituo ambacho moyo wako umekaa ndo urudi nyuma kutafuta mafunzo yanayokufikisha pale. Wengi wanaanza na jina la kozi, wanasoma miaka mitatu halafu ndo wanaanza kuuliza hii kazi inafanyikaje, na inaniuma sana kuona kijana kamaliza diploma hajawahi kuingia ghala la AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima) wakati kwao ghala liko hatua chache tu toka nyumbani.

Tuanze na korosho maana ndo tunayoijua. Kuanzia Juni mikorosho ikianza kuchipua na kutoa maua ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, nao unaingia, hapo ndo utawaona vijana na mashine mgongoni alfajiri wanapuliza salfa kabla upepo haujaamka. Kupuliza ni kazi tayari, mwenye mashine analipwa na wenye mashamba, ila wengi wanapuliza bila barakoa wala miwani na hawajui dawa ipi ni ya ukungu na ipi ni ya wadudu, unakuta mtu anapiga salfa kwa mbu wa mikorosho, mdudu ambaye salfa haimfanyi kitu. Anayejua tofauti hiyo kijijini anatafutwa. Kuna wanaopogolea, kuna wanaobebesha miche. Kubebesha ni kukata kikonyo kutoka mti mama uliozaa vizuri na kukipachika kwenye mche mchanga wenye unene unaolingana nacho, unakifunga na nailoni ngozi zikutane sawasawa, na mwenye mkono mzuri anaweza kufungua kitalu chake mwenyewe.

Halafu mavuno yanaanza, Septemba Oktoba huko, mzigo unaenda AMCOS, na hapa ndo pana kazi moja ambayo vijana wengi hawajui hata kama ipo. Korosho zikifika ghalani kuna mtu anapita na bambo (chuma cha kutolea sampuli), anachoma gunia moja baada ya jingine anatoa sampuli, anachanganya vizuri afu anapima kilo moja kamili. Kwanza anahesabu korosho zenyewe, zikiwa kama 200 kwa kilo ni mzigo mzuri, zikizidi sana maana yake ni ndogondogo. Anapima unyevu kwa mashine, ukizidi asilimia 10 mzigo unarudi juani. Baada ya hapo anakata korosho katikati, moja moja, kilo nzima, punje nyeupe safi anaweka upande huu, zenye madoa na zilizosinyaa upande ule, zilizooza au kuliwa na wadudu anatupa pembeni. Safi zinahesabiwa uzito wote, zenye madoa nusu tu, jumla ya gramu anazidisha kwa 0.176 anapata ratili (paundi) za punje nzuri kwenye gunia la kilo 80. Yani kilo moja ikitoa gramu 270 hiyo ni kama ratili 47 na nusu, na namba hiyo ndo mnunuzi aliyekaa Vietnam au India anaiangalia kabla hajataja bei. Kazi hii inataka macho makali, subira na uaminifu, na mlango wake mkubwa ni kibarua cha msimu. Ukiipenda ukaongeza masomo ya ubora wa chakula umeshapata njia ambayo haina msongamano.

Hapohapo ghalani kuna karani, mtunza ghala, mhasibu wa chama. Tangu msimu wa 2007/2008 ambapo stakabadhi ghalani ilianza kwenye korosho, kila kilo inaandikwa, inapewa stakabadhi na inauzwa mnadani, na siku hizi mnada wenyewe uko kwenye mfumo wa TMX, soko la bidhaa Tanzania, kwenye kompyuta. Vyama vikuu vya ushirika kama TANECU, MAMCU, RUNALI na Lindi Mwambao vinahitaji watu wanaojua hesabu na kompyuta na pia wanaojua zao lenyewe. Mtu aliyesoma ushirika au uhasibu na amekulia kwenye korosho ana thamani kuliko anayejua kimoja tu. Kwa elimu ya ushirika chuo kikuu chao kiko Moshi, MoCU. Na mkulima aliyekwepa ghala akauza kwa kangomba, wale wanunuzi wa kichochoro, mara nyingi alikuwa hajaelewa malipo yanavyokwenda, akipata karani mzuri wa kumuelewesha harudii tena.

Sasa masomo. Kwa bahati hatuna haja ya kwenda mbali sana kwa kilimo cha mazao, pale Mtwara kuna chuo cha kilimo cha wizara, MATI Mtwara, na kuna kituo cha utafiti cha TARI Naliendele ambacho ndo kinara wa utafiti wa korosho Tanzania na kinashughulika pia na ufuta, karanga na mihogo. Ile mbegu ya karanga inayoitwa Naliendele 2009 imetoka pale. Watu wanapita barabarani kila siku hawaingii. Andika barua, au nendeni kama kikundi cha shule kupitia mwalimu wa kilimo au wa baiolojia, muombe kuonyeshwa vitalu na maabara. Ukimuona fundi wa maabara anavyofanya kazi utajua kuna kazi za kilimo ambazo hazigusi jembe kabisa.

Kuhusu vigezo, cheti na diploma za vyuo vya kati kwa kawaida zinaanzia D nne za kidato cha nne zisizo za dini, na kozi nyingi za kilimo, mifugo na uvuvi zinataka baadhi ya hizo ziwe za sayansi, usikisie, pakua kitabu cha mwongozo cha NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, usome kozi yenyewe mstari kwa mstari. Kutoka kidato cha nne mpaka diploma ni kama miaka mitatu. Kwa wale bado wako shule zingatieni ile selform, fomu ya kuchagua tahasusi na vyuo, mtu anajaza tahasusi za kidato cha tano kwa umakini halafu sehemu ya vyuo anajaza bila kufikiri. Ukitaka digrii ya kilimo pale SUA, chuo kikuu cha kilimo Morogoro, basi kemia na baiolojia ndo zitakufungulia, tahasusi kama CBA (kemia, baiolojia, kilimo) au CBG (kemia, baiolojia, jiografia) usiidharau.

Mifugo chuo cha LITA kilicho karibu na sisi ni Madaba, mkoa wa Ruvuma. Nyuki Tabora. Misitu Olmotonyi kule Arusha, na kama unataka mambo ya viwanda vya mbao ni FITI Moshi. Mbali ndio, ila kusini nafasi ya kufanyia kazi ipo kubwa, nitarudi kwenye misitu.

Bahari kwanza. Watoto wa Mikindani, Msimbati, Kilwa, Songosongo, nyie mna chuo mlangoni, FETA wana kampasi Mikindani, wanafundisha uvuvi na ufugaji wa viumbe maji na watu wanatoka mikoa ya mbali kuja kusoma pale. Kabla ya kuomba nenda ukakae na wavuvi siku za bamvua maji yakitoka mbali, uwaone akina mama wa pweza mwambani, uwaone wanaofunga mwani kwenye kamba. Muulize mama wa mwani kwanini mwani wa aina ya spinosamu anavuna vizuri lakini ule wa kotonii wenye bei nzuri unamfia, atakueleza maji ya kina kifupi yakipata joto unalainika unakatika, na hapo umepata swali la kitaalamu ambalo ukienda nalo chuoni unasoma kwa sababu. Kwa wavuvi kuna BMU, vikundi vya ulinzi wa rasilimali za bahari, vinahitaji vijana wa kuandika takwimu za samaki wanaoshushwa. Na kuna vijiji vinavyofunga mwamba wa pweza kwa miezi kadhaa ili wakue halafu wanafungua siku ya pamoja, nenda siku ya kufungua, utawaona wanunuzi, wapimaji, wenye majokofu ya barafu, watu wa mazao ya bahari wa halmashauri, kazi zote ziko uwanjani siku moja.

Misitu sasa, na hapa naomba mnisikilize vizuri hasa wa Kilwa, Liwale, Nachingwea na Ruangwa. Sheria ya misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kumiliki msitu wake na kuvuna kwa mpango, na Kilwa kuna vijiji vinauza mpingo kwa utaratibu huo, wakisaidiwa na shirika la MCDI, na tangu 2009 walipata cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi wa misitu. Mpingo ule ndo unatengenezewa zumari za kizungu kama klarineti. Ili kijiji kivune lazima mtu apime miti, anafunga futi kamba kwenye shina kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, anaandika aina, unene na unyoofu wa gogo, anaweka alama, ndo wanajua wavune mingapi wabakize mingapi. Kijana anayejua kutumia GPS na kuandika daftari safi anaingia kwenye kamati ya maliasili ya kijiji leo hata kama hana diploma, na uzoefu huo ukienda nao Olmotonyi hauko sawa na wenzako. Kwa wanaopenda wanyamapori, tembo wanaingia mashambani na vijiji vinahitaji askari wa wanyamapori wa vijiji, chuo chao kiko Likuyu Sekamaganga, Namtumbo. Ni kazi ya hatari, ongea kwanza na anayeifanya.

Usindikaji wa chakula ndo ninaona tumelala. Mabibo, yale matunda ya mkorosho, yanaoza chini ya mikorosho kila msimu wakati yanatoa juisi, jamu na mvinyo. Muhogo tunauza mbichi. Kubangua korosho kwa ajira ya nyumbani kunawezekana, ila jifunze kwanza kuchemsha kwa mvuke na kulinda mikono maana yale mafuta ya ganda yanaunguza ngozi. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wapo Mtwara na Lindi, ndo pa kuanzia, wanafundisha usindikaji na ufungashaji na wakikupa barua ya utambulisho unaenda nayo TBS, shirika la viwango, kuomba alama ya ubora kama mjasiriamali mdogo kwa unafuu mkubwa wa gharama. Na kumbuka tangu 2019 mambo ya usalama wa chakula yako TBS, sio TFDA ile mamlaka ya zamani ya chakula na dawa, bado kuna watu wanaelekezana ofisi ambayo haipo.

Kama matokeo hayakukaa vizuri kabisa usijifungie ndani. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA Mtwara na VETA Lindi vipo, wana kozi ndefu na fupi, na fundi anayetengeneza mashine za kupulizia, pampu za maji na injini za boti anaishi kwa kilimo na uvuvi kuliko mtu mwenye cheti cha kilimo asiyeshika kitu. VETA pia wana utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunza mtaani na kumpa cheti, kama una miaka unabebesha miche au unaunda boti, waulize kuhusu hilo.

Hela. Bodi ya mikopo HESLB siku hizi inakopesha na baadhi ya wanafunzi wa diploma, na kilimo na mifugo imo kwenye fani za kipaumbele, soma mwongozo wa mwaka husika mapema maana dirisha likifungwa limefungwa. Mkiwa mmemaliza na mnataka kuanza kitu chenu, ile mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri ilirudi 2024, asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, ila kwa vijana na wanawake ni ya vikundi, kwaiyo anza kutafuta wenzako wa kuaminika ukiwa bado chuoni.

Kama muda wako ni mdogo na huwezi kuzunguka msimu mzima basi nenda maonyesho ya kilimo ya Nanenane. Kanda ya kusini inafanyika Ngongo, Lindi, tarehe 1 mpaka 8 Agosti, na pale kwenye uwanja mmoja unakuta vyuo, watafiti, SIDO, bodi ya korosho, halmashauri, wauza zana. Usiende tarehe 8 yenyewe, watu wanajaa kwa ajili ya hotuba na hakuna mtu wa kukaa na wewe, nenda siku za kati asubuhi. Daftari mkononi. Usiulize "mnatoa kozi gani", vipeperushi vinakwambia hilo. Muulize aliye bandani siku yake ya kazi inaanzaje, alianzia wapi, na kama angeruhusu uje ujitolee wiki mbili likizo.

La mwisho na ni la hela yako. Vyuo vya mitaani vinavyotangaza kozi za kilimo kwa ada ndogo ni vingi, kabla hujalipa chochote ingia kwenye tovuti ya NACTVET uhakikishe chuo kimesajiliwa na kozi hiyohiyo unayotaka imeidhinishwa, maana chuo kinaweza kuwa na usajili na kozi isiwe nao. Halafu fika mwenyewe. Omba kuona shamba la chuo au maabara, na zungumza na wanafunzi wa mwaka wa mwisho bila mwalimu kusimama pembeni, waulize fildi wanaenda wapi, nani anawatafutia, na waliomaliza kabla yao wako wapi sasa hivi. Ukinyimwa nafasi ya kuongea na wanafunzi, rudi nyumbani na ada yako mfukoni.