Jinsi ya kupima tungamo iliyojificha kwa raba, uzi na nati nne

Mwalimu mwenzangu wa fizikia, tenga vipindi viwili. Mimi hufanya jaribio hili kila mwaka na Kidato cha Nne hapa Mbeya, na karibu vifaa vyote nilivipata soko la Mwanjelwa: ganda la kalamu, mita moja ya uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, raba ya kufutia, karatasi ya manila, na nati nne za gramu 20 kila moja. Raba ikate mpaka ibaki gramu 10. Mizani niliazima kwa mnunuzi wa dhahabu wa Chunya, maana ile ya dukani haisomi gramu 10.

Kazi ya kufanya taratibu ni mdomo wa kalamu. Uupitishe juu ya mshumaa hadi ukingo ulainike, kisha upake nta. Mwaka wa kwanza niliruka hatua hii. Uzi ulikatika na raba ikapiga kioo cha dirisha. Tangu hapo nazungushia uwanjani, wanafunzi wakae mbali.

Pitisha uzi ndani ya ganda, juu raba, chini nati moja. Zungusha raba juu ya kichwa mpaka nati itulie, isipande wala kushuka. Uzi kutoka mdomo wa kalamu hadi kwenye raba uwe nusu mita. Pima uzi wenyewe, hata kama raba inaning'inia kidogo, hesabu haiharibiki. Mizunguko 20 itachukua kama sekunde 20.

Sasa, wakiwa hawaoni, funga nati tatu nyingine juu ya ile ya kwanza na uzizungushie manila iliyokunjwa kama bomba pana, isiguse nati. Ile moja ibaki nje, inaonekana. Mizunguko 20 sasa ni sekunde 10 tu. Waache wabishane kwanza. Kisha andika ubaoni hesabu ya gramu zinazovuta uzi chini: 4 × gramu za raba × urefu wa uzi kwa mita, gawanya kwa muda wa mzunguko mmoja uliozidishwa kwa wenyewe. (Hiyo 4 inatokana na 4π² kugawanywa kwa 9.8.) Mara ya kwanza jibu ni 20. Mara ya pili ni 80. Wanaona gramu 20, mwendo unadai 80. Manila usiifungue mpaka waandike wenyewe kwamba kuna gramu 60 ndani.

Hapo ndipo namtaja mwanaastronomia Fritz Zwicky. Mwaka 1933 alichunguza kundi la galaksi la Coma, lenye galaksi zaidi ya 1,000, akakuta zinakwenda kasi mno, kwa kiwango cha kilomita 1,000 kwa sekunde. Kwa tungamo iliyoonekana, kundi lingekuwa limesambaratika zamani. Baadaye darubini za eksirei zilionyesha gesi ya moto kati ya galaksi, nyingi kuliko nyota zote za kundi, lakini nayo haikutosha. Kwa makadirio ya leo, takriban asilimia 85 ya tungamo ya kundi kama hilo ni maada nyeusi, isiyotoa mwanga wala kuufyonza.

Wasahihishe mambo matatu mapema. Angani hakuna uzi, kuna mvutano. Na galaksi ndani ya kundi haziendi kwa duara moja, huenda kila upande. La tatu ni zito zaidi: nati ni chuma cha kawaida, na mwanafunzi akiondoka akidhani maada nyeusi ni mawe yasiyo na taa, rudia somo.

Mwanzoni mwa Juni, anga ikiwa kavu na baridi kali, watoe nje saa 3 usiku wavae makoti. Watazame kaskazini, juu ya mlima Loleza, wapande na macho hadi kupita kidogo katikati ya upeo na utosi. Coma iko pale, umbali wa miaka ya nuru zaidi ya milioni 300. Kwa macho hawataona galaksi hata moja. Waambie hivyo kabla hawajatoka, na wabebe daftari zao zenye ile hesabu.