Laini Usiyoijua Ikikopa kwa Jina Lako

Mimi ni wakala wa pesa hapa Mwanga, Kigoma. Kutwa nawaambia wateja wafiche namba ya siri, halafu mwaka juzi nikapigiwa simu nadaiwa mkopo wa shilingi 180,000 ambao sikuuchukua. Laini iliyokopa ilikuwa na jina langu na kidole changu.

Nilikumbuka ilikoanzia. Nilikuwa natoka Kibirizi kununua dagaa, nikapita kwa kijana wa mwavuli kusajili laini. "Dada, kidole hakijasoma, weka tena." Nikaweka mara tatu. Mikono ilikuwa na magamba, nikaona ana haki. Kumbe cha kwanza kilishasoma, hivyo vingine vilisajili laini yake.

Basi leo hii, hata kama hudaiwi, piga *106#. Ingia sehemu ya kuhakiki namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, weka namba ya NIDA. Kama una laini za mitandao miwili mitatu, rudia kwa kila moja. Ukikuta namba usiyoijua, usikimbilie kuifuta. Iandike kwanza, na upige picha kioo cha simu, maana ikishafutwa utabaki na maneno matupu.

Kisha polisi. Mimi niliambiwa, "Hayo ni madeni, malizaneni wenyewe." Si madeni. Kujifanya mtu mwingine kwa kutumia mtandao ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Niliitaja kwa upole, nikapewa RB, yaani namba ya taarifa yangu pale polisi. Nenda nayo, pamoja na kitambulisho, kwenye duka la mtandao husika, si kwa mwavuli. Watakuhakiki kwa kidole, laini ifungwe.

Aliyekopesha mwandikie barua: hukukopa, namba si yako, RB hii hapa, na ambatisha ile picha. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Shemeji yangu alinishauri nilipe tu yaishe. Nilikataa, kwa sababu ukilipa ni kama umekiri. Wakikuzungusha, peleka malalamiko Benki Kuu.

Watu wengi huishia hapo, kumbe jina bado ni chafu. Wakopeshaji wenye leseni hupeleka taarifa kwenye kampuni za taarifa za wakopaji; hapa nchini zipo Creditinfo na Dun & Bradstreet. Omba taarifa yako ya mikopo, uone kama lile deni lipo. Likiwepo, taka lirekebishwe, ukitumia barua zile zile. Usipofanya hivyo, utakuja kugundua siku unaomba mkopo wa boti au wa duka, na afisa mikopo anatikisa kichwa.

Nakala ya kitambulisho nayo usiiache ovyo. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa. Sasa hesabu wateja wangu ambao namba yao ya siri ni mwaka waliozaliwa! Mimi nikitoa nakala, naandika juu yake kwa kalamu: ya kazi gani, tarehe gani.

Na kidole kikigoma kweli, nawa mikono, futa, mwambie msajili akuonyeshe kioo cha simu yake kabla hujaweka tena. Akinuna, chukua kitambulisho chako uondoke. *106# naipiga kila mwisho wa mwezi, siku ninayofunga hesabu za kibanda.