Ukitaka kijiji chenye utulivu Uingereza nenda Lacock, ila nenda taratibu

Wageni wangu wakija Uingereza wanataka London tu, mimi nawapeleka Lacock, kijiji kidogo kule Wiltshire, nakipenda sana.

Panda treni asubuhi mapema pale stesheni ya Paddington, London, ushuke mji wa Chippenham, ni kama lisaa limoja na robo hivi, afu chukua basi la kwenda Frome, linapita Lacock. Ratiba ya kurudi iangalie kabla hujatoka nyumbani, maana mabasi ya vijijini siyo daladala, likikupita utasubiri hasa, na jumapili ndo yanaadimika kabisa.

Ukifika weka simu mfukoni kwanza. Mitaa mikuu ni minne tu, izunguke yote polepole, utaona nyumba za zamani zimeegemeana na hakuna nyaya za umeme juu, karibu kijiji chote kiko chini ya National Trust, shirika la hisani linalotunza majengo na maeneo ya kihistoria, tangu 1944. Ila ndani wanaishi watu, kwahiyo usichungulie madirishani, na ukipishana na mzee anatembeza mbwa msalimie, huku siyo London, salamu inapokelewa vizuri tu.

Afu ingia Lacock Abbey, jumba la zamani lililokuwa nyumba ya watawa, hapo usiruke. Kuna dirisha moja la vioo vidogo vidogo, Fox Talbot, mwenye jumba na mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alilipiga picha 1835 na negativu yake (ile picha ya kinyume, penye mwanga panakuwa peusi), ndogo kama stempu, ndo ya zamani kuliko zote zilizobaki duniani. Mwenyewe aliandika kwamba vioo vilikuwa kama 200 na kwa lenzi ungeweza kuvihesabu. Simama pale mbele uvihesabu na wewe, mimi kila nikienda nafanya hivo, hapa ni moja ya sehemu upigaji picha ulipoanzia jamani.

Mchana tembea mashambani. Ukiona kibao cha njia ya miguu sheria inakuruhusu kukatiza shamba la mtu, ila usitoke njiani, na geti liache ulivyolikuta, kama lilikuwa limefungwa rudisha lile komeo la chuma mpaka usikie limegonga, kondoo wakitoka ni hasara ya mtu. Vaa buti, tope la kule halina huruma.

Njaa ikiuma nenda baa ya kijiji mapema maana jiko linaweza kufungwa baada ya muda wa chakula cha mchana, agiza kaunta usikae kusubiri mhudumu. Na beba sarafu, vijijini unaweza kukuta trei ya mayai getini kwa mtu na kikopo cha hela pembeni, hakuna muuzaji, unachukua unalipa unaondoka.